Chapa ya Mkono

Chumbani hamna dirisha. Nimeliziba kwa bati na gunia,
taa nyekundu ndogo inaning'inia kwenye waya,
nami natandaza dawa juu ya kioo,
utando mwembamba kuliko ule wa maziwa yaliyopoa,
mwembamba hivi kwamba ukipumua vibaya
unaingia kunyanzi.

Kazi yenyewe aliileta Bi Mhoja wa chama cha warina asali.
"Madumu yetu yakifika Dodoma yameshazaa.
Yalitoka Sikonge ishirini, yanauzwa arobaini,
sukari guru ndani, lebo yetu nje.
Nitafutie alama isiyoonekana
mpaka iulizwe."

Nikalala na neno hilo, nikaamka nalo.

Jibu lilikuwa hapa hapa Isevya, uani kwa kaka yangu Luhende,
fundi seremala: ndoo ya vumbi la mninga
iliyosahaulika mvuani siku mbili.
Maji yalikuwa na rangi ya chai kavu,
lakini ukingoni, jua lilipoyapiga ubavuni,
buluu,
buluu ya moto wa jiko la gesi, isiyo na mwenyewe.
Nikatia kijiko cha majivu. Ikazidi.
Luhende akacheka: "Miaka yote hii nafagia hiyo!"

Basi nikachuja, nikachemsha, nikachanganya.
Mara iling'aa bila kushika,
mara ilishika bila kung'aa.
Daftari langu la mwezi wa nane limejaa neno moja: bado.

Sheria ya dawa hii ni ngumu kwa mtu wa Tabora,
sisi tunaovuka barabara kufuata kivuli:
kilichopigwa na jua hushika,
kilichofichwa huoshwa na maji.
Aliyesitiriwa ndiye anayekwenda na mfereji.

Siku iliposhika na kung'aa pamoja
sikuwa na mchoro wowote. Nikamwita Luhende.
"Weka mkono juu ya kioo, usitikisike,
hesabu mpaka mia nne."
Akaweka wa kulia bila kufikiri,
kisha akafikiri, akataka kuuondoa.
"Huo huo," nikasema.

Msumeno wa mviringo, miaka tisa sasa,
kidole cha shahada.
Katika swala huinua kipande kilichobaki.

Tukaosha. Maji yakachukua kiganja,
yakachukua dole gumba, cha kati, cha pete, cha mwisho.

Jioni nikaenda kwa Ngassa, wakala wa miamala,
anayo ile taa ya zambarau ya kukagulia noti.
Akawaacha wateja wake wamesimama, akaiwasha.
Kioo kizima kikawaka,
na katikati mkono mweusi, umetulia,
kama wa mtu anayesema: ngoja kwanza.
"Kimoja hakipo," akasema Ngassa.

Nikamwambia asogeze taa, atazame tena.
Palipokosekana kidole jua lilipita,
na lilipopita
liliacha kitu.

Alisogeza taa. Hakusema neno.
Mteja mmoja nyuma akaniuliza kama hiyo nayo ni hela.

Bi Mhoja yeye aliuliza la maana zaidi:
wezi hawataiga?
Wataiga, nikasema. Mwizi ni mtu wa bidii.
Ila watachora vidole vitano.

Sasa lebo zinakauka kwenye kamba ya nguo,
elfu moja na mia mbili.
Mchana huu hazina lolote, karatasi tu,
nyuki mmoja na jina la chama.
Luhende anapita chini yake na ubao begani,
anainama kidogo,
kama mtu anayepita mbele ya watu.